Kijana wa Kaliua Apewe Wimbo Gani?

Mwalimu anayewakusanya vijana na kuwakabidhi tarumbeta, saksofoni, gitaa na ngoma hukutana na swali kabla hawajapiga hata nota ya kwanza: waanze na wimbo gani? Kwa juu juu ni swali la ufundi, la kupima ugumu wa nota na urefu wa pumzi. Lakini katika nchi ambayo wanamuziki wengi huanzia kanisani, na ambako mzazi humwuliza mwanawe kama anapiga nyimbo za Mungu au za dunia, swali hilo ni la imani. Na zikitajwa bluzi na swingi, muziki wa Wamarekani weusi uliokulia katika vilabu vya pombe na kumbi za dansi, wazee hukunja uso.

Kaliua, magharibi ya Tabora, ni mahali pazuri pa kulitafakari. Ni mji wa njia panda. Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, inapita hapa, na hapa ndipo linapochepuka tawi la Mpanda lenye urefu wa kilomita 210 hivi. Kabla ya reli, misafara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ilikata nchi hii ya miombo. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu mabegani, kirangozi akitangulia na wimbo, wenzake wakimpokea. Njia hiyohiyo ilipitisha watumwa, na tangu mwaka 2006 imo katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO. Wilaya ya Kaliua ilimegwa kutoka Urambo mwaka 2012. Ndani yake yamo makazi ya Ulyankulu, yaliyopokea Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Huko ndiko ilikotoka Kwaya ya Barabara ya 13, ambayo nyimbo zake za injili zilivuka mbali mipaka ya mkoa.

Muziki wa dini haukukosa kwao katika nchi hii. Wamoravian walipokea kituo cha Urambo kutoka kwa wamisionari wa London mwaka 1898, nao walikuwa watu ambao tangu karne ya 18, kule Herrnhut, Ujerumani, walikuwa na vikundi vya matromboni vya ibada. Wakatoliki walikuwa na seminari yao Kipalapala, karibu na mji wa Tabora. Kwa upande wa Waislamu, Tabora ni miongoni mwa miji ya bara ambako tariqa ya Qadiriyya ilistawi tangu mwisho wa karne ya 19, na zikri yake ya pumzi na mwendo haihitaji kuelezwa kwa Mnyamwezi aliyekulia mjini.

Muziki wa dunia nao ulikuwa na nyumba yake. Tabora ilitoa Kiko Kids ya Salum Zahoro, ikatoa Nyanyembe Jazz, ikatoa Tabora Jazz ambayo Shem Karenga aliipa wimbo wa “Dada Asha”. Iddi Nhende wa Nzega alianzisha Western Jazz jijini Dar es Salaam mwaka 1959. Bendi hizi zilijiita jazi, ingawa damu ya dansi lao ilikuwa rumba na cha-cha za Kuba, zilizoingia Afrika Mashariki kwa santuri kuanzia miaka ya 1930. Kijana wa Kaliua basi anarithi vitu viwili kwa pamoja: kwaya na dansi. Mara nyingi anaambiwa achague kimoja.

Hofu ya wazee isidharauliwe. Watu wenye akili kubwa kuliko zetu waliihofu sauti. Plato, katika kitabu cha tatu cha Jamhuri, aliwakataza vijana wa mji wake aina mbili za tuni: zile za maombolezo na zile za ulevi. Alibakiza za ushujaa na za kiasi. Augustino, katika kitabu cha kumi cha Maungamo, alikiri kwamba nyimbo za kanisa zilimtoa machozi, kisha akaogopa kwamba kilichomgusa ni sauti ya mwimbaji kuliko neno lililoimbwa. Al-Ghazali naye alitenga kitabu kizima ndani ya Ihya Ulum al-Din kuhusu kusikiliza uimbaji. Aliona kwamba muziki hauingizi moyoni kitu kisichokuwamo, bali hukikoroga kilichomo. Kwa hiyo hukumu hubadilika kwa msikilizaji, kwa wakati na kwa mahali.

Hoja ya al-Ghazali ndiyo inayosaidia zaidi. Inaondoa kosa la kudhani kwamba dhambi au utakatifu umelala ndani ya nota zenyewe, kiasi kwamba tuni iliyopigwa baa inabaki na harufu ya baa milele. Historia ya makanisa yetu inathibitisha. Wamisionari wengi waliikataza ngoma kwa kuwa waliihusisha na matambiko. Leo haipo parokia Unyamwezini inayoona ajabu ngoma ikipigwa wakati wa matoleo. Padre Stephen Mbunga aliandika kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu mwaka 1963, mwaka uleule Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotoa hati yake juu ya liturujia na kuufungulia mlango muziki wa wenyeji. Kwa Walutheri, Howard Olson wa Makumira alikusanya tuni za makabila na kuzitia maneno ya sifa katika Tumshangilie Mungu. Gitaa la umeme nalo lilikuwa chombo cha dansi kabla ya kuwa chombo cha kwaya, na leo kwaya ya injili inayomaliza wimbo kwa sebene la Kikongo haimshtui mtu.

Serikali pia imewahi kuwachagulia vijana muziki. Mwaka 1969 muziki wa soul wa Wamarekani weusi ulipigwa marufuku Dar es Salaam kwa kuonekana unawaharibu vijana. Marufuku ilipita, vijana wakazeeka, na wengi wao ndio wanaoketi leo viti vya mbele makanisani na misikitini.

Historia ya bluzi yenyewe ina mtu aliyeishi mgogoro huu mwilini mwake. Thomas Dorsey alizaliwa Georgia mwaka 1899, mtoto wa mhubiri. Alijulikana kwa jina la Georgia Tom, akampigia piano Ma Rainey, malkia wa bluzi, na mwaka 1928 alirekodi na Tampa Red wimbo wa mzaha wa chumbani uliouzwa sana. Alipoanza kupeleka nyimbo zake za dini kwenye makanisa ya Chicago, wachungaji wengi walimfukuza, kwa sababu walisikia bluzi ndani yake. Walisikia vizuri, kwani ilikuwamo kweli. Agosti 1932, akiwa safarini, alipata habari kwamba mkewe Nettie amefariki akijifungua. Mtoto naye hakukaa. Katika msiba huo alitunga “Take My Hand, Precious Lord”, akiegemea tuni ya zamani ya kanisa na kuipigia kwa mkono uleule wa bluzi. Wimbo huo Mahalia Jackson aliuimba katika mazishi ya Martin Luther King mwaka 1968. Leo uko katika vitabu vya nyimbo vya makanisa mengi duniani.

Duke Ellington alipitia njia kama hiyo kutoka upande wa swingi. Tarehe 16 Septemba 1965 alipeleka bendi yake nzima katika kanisa kuu la Grace, San Francisco, na kupiga tamasha la nyimbo takatifu. Mwaka uliofuata, mkutano wa wachungaji wa Kibaptisti wa Washington ulikataa kuliunga mkono tamasha lake mjini humo. Ellington hakuacha. Alifanya la pili mwaka 1968 na la tatu mwaka 1973, katika Westminster Abbey, London, miezi michache kabla ya kufa.

Wako wanaoitetea bluzi kwa njia ya mkato. Husema: muziki huu ni wetu, ulitoka Afrika ukarudi, basi kijana aupige bila wasiwasi. Hoja hii inapendeza lakini haiwatoshi vijana wa Kaliua, na mwalimu mkweli asiwape. Waafrika waliopelekwa Marekani walitoka zaidi Afrika Magharibi na ya Kati. Waliopitishwa Tabora waliishia zaidi Zanzibar, pwani na ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Kirangozi wa Kinyamwezi na mchuma pamba wa Mississippi wote waliimba kwa kupokezana, lakini hiyo haiwafanyi babu na mjukuu. Kijana hahitaji hati ya ukoo ili apewe ruhusa ya kupiga wimbo. Wamoravian wa Urambo hawakuomba ukoo wa Kijerumani kabla ya kuimba tenzi za Herrnhut.

Kipimo kitafutwe kwingine. Badala ya kuuliza wimbo umetoka wapi, mwalimu aulize wimbo unamfanyisha nini kijana kwa mwenzake wakati anaupiga. Hili ni swali la maadili, na jibu lake linasikika katika chumba cha mazoezi.

Chukua “C Jam Blues” ya Ellington, iliyorekodiwa mwaka 1942. Tuni yake ina nota mbili tu. Mwanakwaya yeyote anayesoma do-re-mi ataitambua: so, kisha do. Kifungu kimoja kifupi kinapigwa mara tatu bila kubadilika, huku chini yake kodi, yaani nota zinazopigwa pamoja, zikihama kutoka do kwenda fa, zikirudi, zikapanda so na kushuka tena nyumbani. Vyote hivyo vinakaa ndani ya vipimo 12 vya mapigo manne manne. Mtoto aliyeshika tarumbeta kwa majuma machache anaweza kuipiga. Hapo ndipo mafunzo yanapoanza, kwa sababu tuni yenyewe inachukua nafasi ndogo sana. Kila kifungu kikiisha kunabaki ukimya wa kutosha mtu mwingine kujibu. Kijana mwenye papara ataujaza ukimya huo kwa makelele. Kijana anayesikiliza atamwachia mwenye saksofoni. Baada ya mizunguko miwili, mwalimu hahitaji kuambiwa nani anawasikia wenzake na nani anajisikia mwenyewe.

Ndiyo maana wimbo huu unafaa kuwa wa kwanza, kuliko vipande vingi vya kasi vinavyowapendeza wazazi siku ya maonyesho. Wimbo wa kasi unaweza kupigwa na vijana kumi wasiosikilizana, mradi kila mmoja amekariri chake. Bluzi ya taratibu huwaumbua. Baada yake zinafuata vizuri “Bags' Groove” ya Milt Jackson, kisha “Blue Monk” ya Thelonious Monk, ambayo nota zake zinapanda kwa hatua ndogo ndogo na kumlazimisha mpigaji awe na sikio safi.

Lipo jambo la pili, nalo ni zito zaidi: huzuni. Plato alifukuza tuni za maombolezo akiogopa kuwalegeza walinzi wa mji. Maandiko ya Wayahudi, yanayosomwa makanisani, hayakumfuata. Sehemu kubwa ya Zaburi ni malalamiko ya mtu aliye taabuni. Zaburi ya 88 inaisha gizani bila faraja yoyote. Kitabu kizima kinaitwa Maombolezo, na Ayubu, ambaye Waislamu wanamheshimu kama Nabii Ayub, ni mfano wa mtu anayeteseka bila kumkana Mola wake. Mwanateolojia mweusi wa Marekani James Cone, katika kitabu alichokitoa mwaka 1972 kuhusu nyimbo za kiroho na bluzi, alieleza kwamba zote mbili zimetoka kwenye maisha yaleyale ya utumwa na ubaguzi. Watu walioimba kanisani Jumapili na walioimba Jumamosi usiku walikuwa wamebeba jeraha moja.

Wilaya ya Kaliua ina vijana ambao babu na bibi zao walifika Ulyankulu mwaka 1972 wakiwa wameacha maiti nyuma. Katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, Warundi zaidi ya 160,000 wamepewa uraia wa Tanzania, na familia nyingi zilisubiri vyeti hivyo hadi mwaka 2014. Ipo pia huzuni isiyo ya vita: mwaka wa tumbaku ulioisha na deni, kijana aliyepanda treni kwenda Dar na habari zake zikakatika. Kwaya nyingi zinawafundisha vijana kusifu, na kusifu ni kwema. Lakini kijana anayefundishwa kusifu tu, ambaye hapewi sauti ya kusema kwamba leo moyo wake umeelemewa, anajifunza kusema uongo mbele za Mungu. Bluzi inampa umbo la kulitamkia jambo gumu: msemo unasemwa, unarudiwa kwa kusisitiza, kisha unapata jibu. Vipimo 12 vinaisha, vinaanza upya, na bado mpigaji amesimama. Hiyo ni nidhamu ya kiroho.

Mapingamizi yanayobaki yajibiwe kwa haki. Ni kweli kwamba bluzi nyingi zina maneno ambayo mzazi mwenye busara hatampa mtoto wa miaka 14. Mwalimu asiyachukue. Vipande visivyo na maneno vipo vya kutosha miaka mitatu ya mafunzo, na vina faida nyingine katika mji wenye dini mbili: Mkristo na Mwislamu wanaweza kukaa benchi moja bila yeyote kutamka asichokiamini. Ni kweli pia kwamba kuna familia za Kiislamu zinazofuata wanazuoni wanaokataza ala. Kijana wao asivutwe kwa hila, na heshima ya nyumbani kwao isivunjwe kwa ajili ya bendi.

Pingamizi la tatu ni majivuno. Solo humpandisha kijana mbele ya macho ya watu, na sifa za mapema zimewaharibu wengi. Dawa yake imo ndani ya muziki wenyewe. Kila mpigaji apewe mizunguko miwili, aliye hodari na aliyeanza juzi, kisha arudi nyuma na kuwapigia wenzake. Na wasimuliwe habari za Freddie Green. Alijiunga na bendi ya Count Basie mwaka 1937 na akabaki nayo hadi alipokufa mwaka 1987. Kwa karibu miaka 50 alipiga gitaa la mapigo manne, lisilo na kipaza sauti, na solo zake zinahesabika kwa vidole. Msikilizaji wa kawaida hakulisikia gitaa lake peke yake, lakini wanamuziki wenzake walijua kwamba bila yeye swingi ya Basie ingeyumba. Mseminari wa Kipalapala au khalifa wa Qadiriyya angelitambua fundisho hilo papo hapo.

Swingi, kwa sababu hiyo, ije baada ya bluzi. Inataka vijana wote wakubaliane juu ya kitu kisichoandikwa: pigo linalogawanywa vipande viwili visivyo sawa, cha kwanza kirefu, cha pili kifupi, na kiasi cha urefu huo kinajulikana kwa kusikilizana tu. “In a Mellow Tone” ya Ellington, ya mwaka 1939, ikipigwa polepole, ni mwalimu mzuri. Kwa kundi lililokwisha kuiva kuna “Come Sunday”, sehemu ya tungo ndefu aliyoitoa mwaka 1943, ambayo ni sala tangu nota ya kwanza. Taasisi ya Jazz at Lincoln Center ya New York imekuwa ikizigawia shule nota za Ellington tangu katikati ya miaka ya 1990, kwa hiyo nota zilizopangwa kwa ajili ya vijana zipo.

Katika orodha hiyo dansi la Tabora lisikosekane. Kijana anayejua “C Jam Blues” na hajui Kiko Kids amefundishwa nusu. Mwalimu awatafute wazee waliopiga au waliocheza, awaulize tuni zipi wangependa wajukuu wao wazibebe, na aziweke pamoja na bluzi katika mazoezi ya siku moja. Vijana watagundua wenyewe kwamba magitaa mawili ya dansi, moja la solo na moja la rithimu, yanaongea kwa kuachiana nafasi kama bluzi inavyotaka.

Wala haya si ndoto za mbali. Kundi la Ghetto Classics la Nairobi lilianzia katika viwanja vya Kanisa Katoliki la Mtakatifu Yohane, Korogocho, na vijana wake wamepanda jukwaa la tamasha la jazi la Safaricom, ambalo mapato yake yalielekezwa kwao. Kampala ina M-Lisada, bendi ya tarumbeta iliyoanzishwa na watoto wa mitaani. Zanzibar ina chuo cha muziki tangu mwaka 2002, ambako taarab na jazi hufundishwa chini ya paa moja. Kaliua ina reli, ina kwaya, ina wapiga matarumbeta wa harusi na ina vijana.

Kwa hiyo wachungaji, mapadre, masheikh na wazazi wa Kaliua wanaombwa jambo moja. Wasihukumu orodha ya nyimbo kwa kusoma majina yake. Waje mazoezini, wakae mpaka mzunguko wa tatu au wa nne, watazame kama kijana mwenye tarumbeta anamsubiri mwenzake amalize. Wakiona anasubiri, wamruhusu aendelee. Wakiona hasubiri, wamwambie mwalimu abadilishe wimbo, hata kama wimbo huo umetoka katika kitabu cha tenzi.